Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji Nyuki, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuvusha mwaka 2025. Naomba tusimame dakika moja kuwakumbuka wenzetu watatu waliotangulia mbele za haki.

Shughuli za kawaida sitazieleza kwa urefu, wengi wenu mlikuwepo. Kamati ya utendaji ilikaa vikao sita, paa la ghala lilizibwa, Nane Nane tulishiriki, mafunzo ya kurina asali yalifika vijiji vinne na mizinga ya kisasa 60 iligawiwa kwa vikundi. Ghala lilipokea ndoo 749 za asali na kilo 610 za nta. Mapato na matumizi mhazini atayasoma baada yangu.

Sasa nije kwenye jambo lililozungumzwa vijiweni na misibani kuliko lilivyozungumzwa kikaoni. Jambo lenyewe lina sehemu mbili: fedha za gawio ambazo hazikugawiwa, na ndoo 63 zilizorudishwa kwa wenyewe. Yote mawili niliyasimamia mimi, na leo nayatolea maelezo.

Mwezi Februari mnunuzi wetu, ambaye kupitia kwake asali yetu inakwenda Ulaya, alituletea barua. Niliisoma usiku huohuo, nikairudia, kesho yake nikampigia simu anieleweshe kipengele kwa kipengele, na salio la simu lilikuwa langu. Umoja wa Ulaya ulibadilisha sheria yake ya asali mwezi Mei 2024, na mabadiliko hayo yanaanza kutumika tarehe 14 Juni 2026. Zamani chupa yenye asali ya kuchanganywa iliweza kuandikwa tu kwamba ni mchanganyiko wa asali za ndani na nje ya Umoja huo. Sasa kila nchi iliyotoa asali iliyomo itajwe kwa jina pamoja na asilimia yake, kuanzia yenye sehemu kubwa. Asali yetu inakwenda kwa mapipa na kuchanganywa hukohuko. Kwa hiyo mfungashaji wa kule atatakiwa kuonyesha kila sehemu imetoka wapi. Atamuuliza aliyemuuzia, naye atatuuliza sisi.

Msidhani ni ukali usio na sababu. Mwaka 2023 Ulaya ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, na 147 kati yake zilishukiwa kuongezwa sharubati ya sukari. Mimi najua asali ya chama hiki hutoka moja kwa moja kwenye masega, lakini kujua kwangu si cheti.

Zipo pia kanuni za siku nyingi ambazo tulikuwa tunapona kwa bahati. Unyevu usizidi asilimia 20. Ile kemikali ya HMF, inayoongezeka asali ikikaa sana au ikipata joto, isizidi miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali ya nchi za joto kama yetu 80. Ndoo iliyoachwa mwezi mzima chini ya bati la Sikonge au Kaliua mnajua inavyochemka. Juu ya hayo, nchi isiyokuwa na mpango wa kila mwaka wa kupima mabaki ya dawa kwenye asali hairuhusiwi kabisa kuuza Ulaya. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa. Sisi tunalima tumbaku, na dumu la dawa ya tumbaku likioshwa mara kumi bado ni dumu la dawa. Pipa moja likikutwa na sumu, anayeumia si mwenye pipa peke yake.

Ndiyo sababu kamati, kwa mapendekezo yangu, iliamua fedha zilizokuwa kwenye mfuko wa chama, shilingi 9,400,000, zisigawiwe. Tukigawana kwa wanachama 214, kila mmoja angepata kama shilingi 44,000. Badala yake tulitumia 6,850,000: matangi mawili ya chuma kisichoshika kutu 2,900,000, ndoo 300 mpya za chakula zenye mifuniko 2,250,000, vipimo viwili vya unyevu 400,000, na upimaji wa sampuli maabara pamoja na usafirishaji 1,300,000. Salio ni 2,550,000 na liko benki. Stakabadhi zote zipo kwenye faili la kijani, lipo mezani, na yeyote afungue. Nauli zangu za safari mbili za Dar es Salaam sikuzidai.

Imesemwa kwamba nilifanya hivyo bila mkutano mkuu. Mkutano uliitishwa tarehe 15 Machi. Walikuja watu 71, na akidi ni 107. Ukaitishwa tena tarehe 29 wakaja 64. Msimu ulikuwa unakaribia na mnunuzi alitaka jibu kabla ya mwisho wa Aprili. Katiba yetu inairuhusu kamati kuamua jambo la dharura na kulileta mbele ya wanachama baadaye, na ndicho ninachofanya leo. Waliokaa nyumbani siku zote mbili ndio walionena kwa sauti kubwa zaidi.

Kuhusu ndoo 63, zilipimwa mbele ya wenyewe. Ndoo 38 zilikuwa na unyevu kati ya asilimia 21 na 24, yaani masega yalikatwa kabla nyuki hawajayafunika. Ndoo 16 zilinuka moshi wa mwenge wa nyasi. Tisa zililetwa kwenye vyombo vya rangi na mafuta. Naelewa uchungu wa mtu aliyeendesha baiskeli kutoka kambini siku nzima na mzigo, kisha akaambiwa arudi nao. Mzee mmoja ninayemheshimu kama baba yangu hajanisalimia tangu Julai, na hilo linaniuma sana. Lakini ndoo zile zikimiminwa kwenye tangi zingeharibu asali ya wengine wote. Katika ndoo 63 hizo tatu zilikuwa za shemeji yangu, nazo zilirudi. Waliosema napendelea ndugu waulize karani wa ghala.

Kila ndoo sasa ina namba ya mwanachama, kijiji, msitu na tarehe ya kurina. Baadhi yenu mmeita huo usumbufu. Sampuli tulizopeleka maabara zote zilifaulu, na mnunuzi amethibitisha ataendelea nasi. Sitaki sifa, ila naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba kazi hiyo ilifanyika.

Nisahihishe na uvumi mmoja. Ile sheria nyingine ya Ulaya ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu haigusi asali. Inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Hata hivyo mzinga wa magome, kwa kuwa mti hubanduliwa gome lake, unaua mtundu na muyombo, miti ileile nyuki wetu wanakochuma. Kamati inapendekeza tupunguze mizinga hiyo hatua kwa hatua, na mjadala wake uwe wa heshima.

Ada. Katika wanachama 214, waliolipa shilingi 20,000 za mwaka ni 88. Wanaodaiwa ni 126, jumla shilingi 2,520,000, na hapo sijagusa madeni ya miaka ya nyuma. Nimepita nyumba kwa nyumba, nimetuma ujumbe, nimebandika tangazo ghalani. Wapo wanaodaiwa miaka mitatu na ndio wa kwanza kuuliza gawio liko wapi. Karani wetu amekaa miezi miwili bila posho, na bado hufungua ghala saa moja asubuhi. Nilipomtazama siku ya kufunga hesabu niliona aibu kwa niaba ya chama.

Kwa mwaka 2026 tunatarajia kupata soko jingine, ikiwezekana ndani ya Afrika Mashariki. Tunatarajia pia kufungasha wenyewe siku moja na kuongeza matangi hali ikiruhusu. Mazungumzo na wadau yanaendelea. Gawio litafikiriwa baada ya mauzo ya msimu wa Juni na Julai.

Mhazini anapokea ada ghalani kila Jumatano na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Ndoo mpya zitatolewa kwa waliolipa, ndoo mbili kwa kila mmoja, hadi ziishe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Tabora, Januari 2026