Wapigapicha, tugeuze kamera kusini

Mhariri,

Kila gazeti lako linapoandika habari za Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, picha huwa ni ileile: twiga au kifaru mbele, majengo marefu ya jiji nyuma yake. Ni picha nzuri. Nimeipiga mwenyewe mara nyingi, lenzi ikiwa imelazwa kwenye kifuko cha maharagwe dirishani mwa gari, nikimsubiri twiga ainue shingo. Hata hivyo nina ombi kwa wapigapicha wenzangu na kwa meza yako ya picha: tugeukie upande wa pili.

Kuyapata majengo hayo lazima uelekeze kamera kaskazini, na lenzi ndefu huyavuta yakaonekana yako mgongoni mwa mnyama. Huko kuna ua wa umeme, kama ilivyo mashariki na magharibi. Upande uliobaki wazi ni kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, na hapo ndipo mbuga inapopumulia. Tangu kabla haijatangazwa mwaka 1946, nyumbu na pundamilia walivuka mto mvua ikinyesha, wakaenda kulisha nyanda za Kitengela na Kapiti, kisha wakarudi kiangazi kufuata maji. Mbuga ina kilomita mraba 117 tu. Haziwatoshi.

Njia hiyo sasa imejaa nyua, nyumba za kupangisha na viwanda. Wapo Wamaasai walioacha mashamba yao wazi ili wanyama wapite, wengine wakilipwa kidogo kwa kila ekari katika mpango ulioanza mwaka 2000. Sikumbuki kuwaona hao kwenye ukurasa wako wa mbele.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya mvua ya usiku kucha, nilisimama upande huo wa kusini. Pundamilia sita walikuwa wamefika kwenye ua mpya wa seng'enge, nguzo zake za mkaratusi bado mbichi, udongo mwekundu umeshindiliwa shinani. Jike mmoja alinyoosha pua, akaugusa waya, akarudi nyuma. Kisha akaanza kuufuata ua polepole, mtoto ubavuni pake, akitafuta mahali unapoishia. Nilipiga picha kumi na nne. Jirani yangu alipoziona aliuliza, "Sasa Nairobi iko wapi hapa?" Nikamwonyesha ule waya.

Januari 1999, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipopigwa akijaribu kupanda mti katika msitu wa Karura hapa Nairobi, wenye kamera walikuwepo, na waliokuwa mbali wakajionea. Huku kusini hakuna purukushani ya kuwaita wanahabari. Ua mmoja unajengwa leo, mwingine mwezi ujao, na bila picha ya jana hakuna atakayejua palikuwa wazi.

Kwa hiyo tupige mahali palepale, mwezi uleule, kila mwaka, na tuandike tarehe na jina la mahali. (Isipokuwa vifaru: picha zao zifutwe alama ya mahali kwenye simu kabla ya kusambazwa, kwa sababu majangili nao wanazitazama.) Nawe, Mhariri, utupe nafasi walau mara moja kwa mwezi. Zangu kumi na nne ziko tayari, na sitaki malipo.

Mkazi wa Lang'ata,
Nairobi