Kwa vijana wetu mnaokwenda misheni: mtoto yule ana mama

Wanangu,

Jumapili mliyorudi kutoka ile safari ya wiki mbili ya Burundi nilikuwa safu ya tatu, karibu na dirisha, hapa Kisumu. Mlileta projekta. Ukutani akatokea mtoto wa miaka mitatu hivi, kamasi hadi mdomoni, shati halina vifungo, mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Kijana mwenye maikrofoni akasema, "Hawana kitu, lakini wana furaha." Makofi. Wengine wakafuta machozi, simu zikatolewa, M-Pesa zikaanza kuingia. Mimi nikatoka nje. Nasikia mlisema mama amezidiwa na joto.

Sikuzidiwa na joto. Nilikuwa nimekasirika, na wiki tatu hizi hasira haijaisha, ndiyo maana naandika kabla kundi la pili halijaondoka.

Katikati ya miaka ya 1960, nikiwa darasa la pili kule Vihiga, wageni walikuja shuleni na kamera. Mama alikuwa ameuza kuku wawili kuninunulia viatu vya Pasaka, na siku hiyo nilivivaa kwa sababu tuliambiwa tuje nadhifu. Mgeni mmoja akanitazama miguuni, akamnong'oneza mwalimu, mwalimu akaniambia nivue. Nikapigwa picha pekupeku, viatu vyangu vipya vikiwa nyuma ya mlango wa darasa. Nilivibeba mkononi hadi nyumbani. Mama aliponiuliza kwa nini sikuvivaa, nikamwambia vinabana.

Mtu aliyetendewa hivyo, mngedhani siku akishika kamera yeye atakuwa na adabu. Wapi!

Nilikwenda Burundi mwaka 2007, muuguzi wa miaka hamsini, kwenye zahanati ya mlimani upande wa Gitega. Vita vilivyoanza 1993 vilikuwa bado vinatajwa kwa sauti ya chini. Wiki ya tatu nikampiga picha mama mmoja aliyekuwa amelala mkekani nje, homa imemshika, mtoto mgongoni mwa dada yake. Sikumwomba ruhusa. Nilitaka picha ya kuwatumia waliokuwa wamenichangia huku nyumbani, na ilikuwa picha nzuri, Mungu anisamehe.

Miezi miwili baadaye yule mama akaja kwangu na kikapu cha maharagwe. Akaketi, akaomba aone picha za kwetu. Nikamtolea albamu: nyumba yetu ya bati, mwanangu na joho la chuo, mzee wangu na tai. Akazitazama zote polepole, akarudia mwanzo, kisha akauliza, "Ya mama yako akiwa mgonjwa iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nani humpiga mama yake picha akiwa mgonjwa?

Hakuongeza neno. Akanywa chai, akaaga. Kesho yake nilipanda kilima kwenda kumwomba msamaha kupitia mkalimani, na niwaambie, kuomba msamaha kupitia mkalimani ni adhabu peke yake.

Tangu siku hiyo mambo mengi yaligeuka machoni pangu. Nilikuwa nimekwenda na Kiswahili changu nikijua kinanitosha. Kumbe kule ni lugha ya mtaa wa Buyenzi na masoko ya mjini Bujumbura. Mlimani ni Kirundi, na ukiitwa Mswahili huenda wanamaanisha Mwislamu wa mjini, au mjanja tu. Watoto wakaniita umuzungu, mimi mtoto wa Vihiga! Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa na gari, friji na mlinzi. Na vile vilima nilivijua. Mashamba yamegawanywa hadi ndugu wanashtakiana kwa mpaka wa hatua mbili, mama anapalilia mtoto akiwa mgongoni. Ni Maragoli ile ile ya kwetu Vihiga. Umaskini niliovuka mipaka kwenda kuuhurumia nimekulia ndani yake, ila hakuna aliyeuita hivyo hadi siku ya viatu.

Wala msidhani nyinyi ndio mnawapelekea nuru. Ule Uamsho wa makanisa ya Afrika Mashariki uliowapa babu zenu ushuhuda ulitoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Na Arthur Chilson, mmoja wa Wamarekani watatu walioanzisha misheni ya Marafiki (Quakers) hapa kwetu Kaimosi mwaka 1902, ndiye aliyefungua Kibimba, Burundi, mwaka 1934. Kule nimeketi kanisani na akina mama walioijua Injili kabla mimi sijazaliwa.

Lakini si kosa lenu peke yenu. Sisi wazee ndio tuliofundisha kanisa kutotoa mpaka lilie. Mnapita Nyalenda na Obunga, mitaa ya mabanda ya hapa hapa Kisumu, kila siku kwa bodaboda, watoto wale wale, kamasi zile zile, na hakuna aliyewahi kumbandika mmoja wao ukutani, maana mama yake anaimba kwaya nasi na angesimama. Yule wa ng'ambo hana wa kusimama. Hapo ndipo ujasiri wenu unapotoka.

Mengine ni mafupi. Jifunzeni salamu kabla ya mahubiri. Burundi magari hupita kulia, kwa hiyo tazameni kushoto kwanza mnapovuka. Saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Kuleni mnachopewa, lengalenga ni mchicha wetu tu. Msiahidi mtarudi.

Na mkirejea, mtaumia, wanangu, hilo nalijua. Mimi mwaka mzima niligombana na kila harusi: keki ya nini, mahema ya nini, mkijua watu wanalala njaa? Wifi yangu akaniambia, "Basi rudi huko kwenu." Nililia jikoni. Alikuwa sahihi kidogo, na alinipikia jioni ile. Mkifika hapo njooni kwangu, chai ipo, hamtahitaji kueleza sana.

Ibada ya kuwaaga ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nitakaa mbele. Nimeshamwambia mzee wa kanisa projekta ibaki stoo.

Mama yenu, muuguzi mstaafu.