Ya chumvi tupu mmeiweka wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimeshindwa kulinyamazia. Mliuliza wasomaji wataje krispi za viazi wanazozipenda, kampuni na ladha, mkachapa majibu, nikayasoma yote moja baada ya jingine na hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyetaja ya chumvi tupu. Ni jibini na kitunguu, ni chumvi na siki, ni pilipili, ni babekyu, mwingine sijui krimu na kitunguu cha majani, afu kuna mmoja kaandika "yoyote ya paketi nyekundu" ambayo hiyo hata sio ladha hiyo ni rangi. Sasa jamani ya chumvi tupu mmeiweka wapi?

Mi naona kampuni ya krispi unaipima kwa ya chumvi tupu, basi. Pale ndani kuna kiazi, mafuta na chumvi, hamna shuka la kujifunika. Mafuta yakiwa yamechacha utayasikia kabla hata hujatafuna, kiazi kikiwa kibovu utakijua, chumvi ikizidi midomo inakuambia. Lakini ukishamwagia ule unga mwekundu wa babekyu hata boksi linalika, na kuna kampuni nadhani zinalijua hilo vizuri sana.

Watu wanaona krispi kitu chepesi lakini kazi yake sio ndogo. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji, kikifika kwenye paketi maji yaliyobaki ni kama asilimia 2 tu, ndo maana kilo moja ya krispi inaweza kula kilo nne za viazi na kilichochukua nafasi ya maji kwa sehemu kubwa ni mafuta. Afu sio kila kiazi kinafaa. Kiazi kikihifadhiwa kwenye baridi kama ya friji wanga wake unaanza kugeuka sukari, sasa ukikitia kwenye mafuta ya moto ile sukari inaungua, unapata zile krispi za kahawia zenye uchungu kwa mbali ambazo ukizikuta kwenye paketi unazisukuma kando kwa kidole. Kwenye paketi ya chumvi tupu unaziona hizo mara moja. Kwenye ya babekyu zote ni za kahawia, utajuaje? Na zile zenye kijani pembeni ni kiazi kilichokaa kwenye mwanga, mi hizo sizili, naweka pembeni mtu asiniulize.

Sasa kuhusu kampuni. Nimeona kwenye majibu mashabiki wa Lay's wanawarushia maneno wa Walkers, wengine wanawacheka wote wawili wanasema Ruffles ndo mwisho wa mambo kwa sababu ya yale matuta yake. Wadau, hizo zote tatu mwenyewe ni mmoja, PepsiCo! Lay's ilianza na bwana Herman Lay huko Marekani mwaka 1932 akiuza krispi za watu kwenye gari, ikaungana na kampuni ya Frito mwaka 1961, miaka minne baadae wakaungana na Pepsi. Walkers ya Leicester, Uingereza, hao walikua wauza nyama, baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyama ikawa ya mgao ndo wakageukia viazi mwaka 1948, wakanunuliwa na PepsiCo mwaka 1989. Angalieni alama zao, lile duara la njano na utepe mwekundu, ni mtu na pacha wake. Kwahiyo mnagombana wenyewe kwa wenyewe na mwenye duka ni yule yule.

Mkiniuliza mimi, kwa krispi nyembamba ya chumvi Lay's ya njano bado sijaona wa kuishusha, ni nyepesi, inakatika vizuri na chumvi yake haikupigi kofi. Kwa nene napenda zile za kukaangwa kwa mafungu, kidogo kidogo, kama Cape Cod wanavyofanya tangu 1980, sio zile zinazopita kwenye mafuta kwa mkanda bila kusimama. Zikikaangwa kwa mafungu, kila viazi vibichi vinapoingia mafuta yanapoa kidogo, zinachukua muda mrefu, zinajikunja na kuwa ngumu, ukiuma unasikia mpaka masikioni. Ruffles nzuri kama una kitu cha kuchovya maana yale matuta hayavunjiki ovyo, ukila kavu kavu mi naona zinachosha taya.

Na hapa sasa nifike kwa dada yangu, maana yeye ndo kanifanya niandike barua. Dada ni mtu wa Pringles, kopo haliishi kwake. Mi miaka yote namwambia dada, hiyo sio krispi, hiyo ni unga wa viazi vilivyokaushwa umekandwa, ukasukumwa, ukakatwa kwa umbo moja ukakaangwa, krispi ni kiazi kimekatwa kikakaangwa, kwisha habari. Nikaenda kutafuta ushahidi nimmalize kabisa. Nikaupata, tena mzito, kumbe wenyewe waliokua wakitengeneza Pringles, Procter & Gamble, walienda mahakamani Uingereza kusema kwamba bidhaa yao sio krispi! Maana kule vyakula vingi havitozwi kodi ya ongezeko la thamani ila krispi za viazi zinatozwa, wao wakasema sisi kiazi chetu ni kama asilimia 42 tu, na umbo letu halipatikani kwenye kiazi chochote duniani. Mwaka 2008 mahakama ikawakubalia. Nikamtumia dada nikatulia nasubiri aombe radhi.

Hakuomba. Alienda kusoma zaidi yangu, akanirudishia kwamba mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ilitengua ile hukumu, ikasema zina viazi vya kutosha, kodi walipe. Kanitumia bila neno lolote, kicheko tu. Kwahiyo kisheria huko Uingereza Pringles ni krispi na mimi nimeshindwa kesi ambayo hata sikua mhusika. Moyoni bado sijakubali.

Ila haki yao niwape. Lile kopo ni kitu cha akili, na ule mkunjo kama tandiko la farasi unafanya zilaliane bila kuvunjika. Aliyelibuni, Fredric Baur, alilipenda kopo lake kiasi kwamba alipofariki 2008 watoto wake walizika sehemu ya majivu yake ndani ya kopo la Pringles kama alivyotaka mwenyewe. Dada akasema hayo ndo mapenzi, wewe na chumvi yako utafanyiwa nini. Na mwaka 2004 watafiti wawili wa Oxford, Charles Spence na Massimiliano Zampini, waliwavalisha watu hedifoni wakawa wanauma Pringles huku mlio wa kutafuna kwao unaongezwa au kupunguzwa, na ukiongezwa, hasa ile milio ya juu, watu wanasema hii krispi mpya kabisa, imekauka vizuri, wakati krispi ni zile zile. Walichagua Pringles kwa sababu zote zinafanana. Hilo nimelisoma mara mbili maana linasema kitu ambacho nimekua nikikihisi siku zote, kwamba nusu ya utamu wa krispi uko sikioni. Krispi iliyolegea ina ladha yote ile ile ila nani anaitaka?

Ndo maana pia wanajaza ile hewa. Watu wanalalamika nusu paketi hewa, ile sio hewa ya kawaida ni gesi ya naitrojeni, inazuia mafuta yasichache haraka na paketi ikituna krispi hazisagiki njiani. Nalielewa hilo vizuri kabisa. Lakini kuna kampuni moja, jina naliacha, nilifungua paketi yao ndogo nikahesabu vipande kumi na nne, na viwili kati ya hivyo vilikua makombo. Kumi na nne! Naitrojeni hata mi naiheshimu lakini sikuja kununua naitrojeni.

Kwenye ladha zenyewe siwezi kuzitukana zote, zina historia. Zamani hata hiyo chumvi ulikua unajitilia, kampuni ya Smith's ya Uingereza miaka ya 1920 walikua wanaweka chumvi ndani ya paketi imefungwa kwenye kikaratasi cha bluu, unafungua unanyunyiza unatikisa. Afu mwaka 1954 huko Dublin, Joe Murphy akaanzisha Tayto, na hao ndo wanatajwa kuwa wa kwanza kutoa krispi zilizotiwa ladha kiwandani, jibini na kitunguu. Baada ya hapo mlango ukafunguka na kila mtu akaingia na lake. Wakanada wana ya kechapu. Waingereza wana ya kamba, wale wa baharini. Walkers mwaka 2008 waliwaambia wananchi wabuni ladha, kwenye zile sita za mwisho ikawemo ya kindi, yule mnyama wa kwenye miti, ingawa nyama ya kindi haikuwemo, na iliyoshinda 2009 ilikua ya kifungua kinywa cha fundi ujenzi, mayai na nyama, yote kwenye krispi moja. Haikudumu sokoni. Sishangai.

Na anayechagua kwa rangi ya paketi kama yule wa nyekundu aangalie sana, Walkers jibini na kitunguu ni bluu na chumvi na siki ni kijani, kampuni nyingi nyingine za Uingereza zimegeuza kinyume, ukibeba bila kusoma shauri yako.

Sasa nikiri kitu maana dada atasoma hii na atanisema. Kabatini kwangu ipo pia paketi ya chumvi na siki. Sio moja. Ile ukila mpaka ulimi unachubuka na bado mkono unarudi. Siki yenyewe haimiminwi pale, ingemiminwa krispi zingelowa zote, ni unga wa asidi ya siki uliokaushwa, na mi nikimaliza paketi nalamba vidole vyote kumi. Lakini kura yangu mliyoomba ni ya chumvi tupu, Lay's ya njano, na naomba mkirudia kuuliza muiwekee mstari wake.

Dada naye kasema ataandika barua yake. Mkiichapa, naomba iwe chini ya hii.

Wasalaam,
Mla ya chumvi tupu