Kile Kizuka cha Moto Usikikimbie

Uyole, Mbeya
Julai, saa nne usiku

Swahiba wangu wa Kihesa,

Kamwene! Nakuandikia nimejifunika blanketi mpaka masikioni, jiko la mkaa miguuni, mlango nimeuacha wazi kidogo hewa ipite. Ninyi watu wa Iringa mnajisifia baridi. Njooni Uyole mwezi wa saba ndipo mtanyamaza.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili na mara zote mbili nimecheka. Miaka yote hiyo nilikuwa nakusimulia Luigi's Mansion, ule mchezo wa video ambao Luigi anafyonza mizuka ndani ya jumba kwa mashine ya mgongoni, ukaniona mtoto, leo umerithi GameCube ya mjomba, ile mashine ya kuchezea, umekwama chumba cha chakula! Eti meza ndefu, mishumaa imezimika, hakuna mtu, umefyonza kila kitu na giza liko palepale. Na vile vizuka vidogo vya moto ukiviona unatoka mbio kwa sababu vinakuunguza. Hapo ndipo ulipokosea, swahiba. Vile si vya kukimbia.

Ngoja nikueleze nilivyojifunza mimi, maana nilijifunza kwa taabu. Wewe ulikuwa umeshahamia Iringa wakati kaka alipoleta mashine yetu kutoka Marekani. Kule umeme wao ni volti 120, wetu 230. Fundi mmoja (simtaji, bado tunasalimiana) akaniambia, "Chomeka tu, hakuna neno." Nikachomeka. Harufu ya ile adapta mpaka leo mama akiikumbuka ananitazama vibaya. Tukatafuta adapta nyingine na transfoma ya kushusha umeme, nzito kama jiwe la kusagia. Ikawaka. Lakini TV yetu ya kichogo haikuelewana na mashine ya Kimarekani, kwa hiyo picha ikatoka nyeusi na nyeupe.

Sasa fikiria. Mle ndani kuna vizuka vya aina tatu, vya moto, vya maji na vya barafu, na aliyevichora alikusudia uvitambue kwa rangi. Mimi kwangu vyote vilikuwa majivu. Nikawa nafyonza kizuka nikidhani nimepata moto, nabonyeza nimwagie mshumaa, yanatoka maji. Siku ya tatu ndipo akili ikanijia: nisiangalie sura, niangalie kimetoka wapi. Cha moto kinatoka kwenye mshumaa au mwenge unaowaka. Cha maji kinatoka penye maji. Cha barafu kwenye barafu. Ni kama wazee wetu wanapomwona kijana wasiyemjua njiani. Hawamuulizi jina, wanamuuliza, "Wewe wa kwa nani?"

Nikashukuru ile TV mbovu. Wenye rangi walikuwa wanavipita tu.

Na tofauti yake na mizuka mingine ni hii. Ile ya kawaida unaimulika tochi mpaka moyo uonekane, ndipo unafyonza huku unavutana nayo kama unavuta ng'ombe aliyegoma, mpaka namba ya nguvu zake ifike sifuri. Hivi vidogo havina moyo wala namba. Hakuna kuvizia na tochi. Unashika kitufe cha R, kinaingia kwenye mashine iliyo mgongoni mwa Luigi, basi. Ukibonyeza cha L kinatoka kikiwa moto wa kutumia. Ila lazima uwe na medali yake kwanza. Bila medali ya moto, mshumaa utaubembeleza mpaka asubuhi na utabaki mshumaa. Wewe unayo tayari, maana unaviona. Kwa hiyo umetembea na ufunguo mfukoni huku unalia mlango umefungwa.

Mimi vilinikumbusha bibi, kule Tukuyu. Kiberiti kilikuwepo, lakini mvua ya kule unaijua, kilikuwa kinalowa kikiwa ndani ya nyumba. Asubuhi ananituma kwa jirani, "Nenda kaombe moto." Nashika kigae, jirani ananipalia makaa mawili matatu juu yake, narudi mbio kwenye migomba nikiyakinga kwa kiganja yasizimike. Kila nikimwona Luigi anatoka kwenye mshumaa mmoja kwenda chumba kingine na moto wake mgongoni, najiona mimi na kigae changu. Hata woga ni uleule, kwamba moto utaisha kabla hujafika. Na ukiisha, unarudi kwa jirani, hakuna aibu.

Basi chumba cha chakula. Chukua moto, uje uwashe mishumaa ya pale mezani. Usishtuke: bwana mnene atatokea kwenye kiti, anakula kana kwamba hajala tangu Iddi iliyopita. Anaitwa Mr. Luggs. Mfyonzee chakula kwenye sahani. Wahudumu watamletea kingine, nao ni mizuka, waondoe kwanza. Chakula kikiisha atakasirika, atakutemea moto. Wewe kwepa tu, kwani atachoka mwenyewe, na akichoka mmulike umfyonze. Mimi alinimaliza mara nne. Mara ya tano nilimpata, na umeme ukakatika kabla sijaokoa mchezo. Sitaki kulizungumzia.

Mbele huko utakutana na Sir Weston, amegandishwa kwenye barafu. Huyo unampelekea moto aamke ndipo mpigane, jambo ambalo hadi leo naliona ni ukorofi, mtu kalala zake. Na yule mama anayeoga bafuni, Petunia, unampiga kwa barafu. Usije ukaniandikia tena kuniuliza, nimeshakuambia: barafu.

Kama picha yako ina rangi, naomba jambo moja. Kifyonze kizuka cha moto, halafu uniambie ni chekundu kweli au ni kama rangi ya machungwa. Miaka yote hii naona haya kumuuliza mtu.

Mama anakusalimu, anasema ukija Desemba upite kuchukua viazi. Uje na waya wa kuunganisha TV. Wangu panya wameutafuna.

Ndaga,
Wako wa Uyole