Ruzuku ya UPE ibandikwe ukutani

Mhariri,

Nauza chai ya maziwa na mandazi nje ya geti la shule moja ya msingi ya serikali hapa Arua, Uganda, na binti yangu anasoma humo, darasa la sita. Wanaoingia na kutoka nawaona wote. Muhula uliopita alikuja mkaguzi wa shule kutoka wilayani kwa pikipiki. Aliingia ofisini kwa mkuu wa shule, akatia sahihi kitabu cha wageni, akaondoka kabla ya kengele ya mapumziko. Binti yangu anasema darasani kwao hakukanyaga.

Wiki hiyohiyo watoto wakaletewa barua: kila mzazi atoe pesa ya chaki na karatasi za mtihani. Chaki! Ruzuku ya UPE, yaani fedha za serikali za mpango wa elimu ya msingi kwa wote, hupigiwa hesabu kwa idadi ya wanafunzi, na vifaa vya kufundishia ndivyo vya kwanza inavyopaswa kununua. Nikamuuliza mkuu wa shule muhula huu zimeingia ngapi. Akanijibu kwa upole kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Nikaenda kwenye ubao wa matangazo: ratiba ya vipindi, na tangazo la mechi ya mwaka jana lililofifia kwa jua. Hesabu ya fedha hakuna.

Mambo ya ofisi gani hayo, wakati Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi iliyoombwa inapaswa kumjibu ndani ya siku 21?

Tena nchi hii ilishapata funzo. Uchunguzi uliofanywa kuhusu miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba katika kila shilingi 100 za ruzuku ya serikali kuu, shule zilipata wastani wa 13 tu. Nyingine ziliishia wilayani. Baada ya hapo magazeti yakaanza kuchapisha fedha zinazotumwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika zilichopokea. Kufikia 2001 zilikuwa zinafika zaidi ya 80. Najua kulikuwa na mageuzi mengine pia, lakini mzazi aliyekwisha kusoma kiasi ukutani si rahisi kumdanganya.

Leo fedha zinatoka Wizara ya Fedha moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Ni vizuri, ila maana yake zikipotea, zinapotelea ndani ya ua wa shule, na anayeweza kuona ni mkaguzi na kamati ya usimamizi. Kwenye kamati hiyo wazazi tuna wawakilishi wetu kisheria, na wetu sijawahi kuwasikia wakitusomea hesabu.

Naomba afisa elimu wa wilaya asipokee ripoti ya mkaguzi ambaye hajahesabu vichwa darasani akalinganisha na rejista, na hajauona ubao wenye kiasi kilichopokelewa na kilichonunuliwa. Mzazi mmoja aliyekuwapo naye atie sahihi.

Na wewe Mhariri, chapisha kila muhula ruzuku ya kila shule ya wilaya zetu za West Nile, kwa Kiswahili. Nitalibandika gazeti lako kwenye kibanda changu, pale getini.

Mama Zaituni,
Arua