Mhariri, hizo "nyaraka tulizoziona" ni zipi?

Ndugu mhariri,

Hongera kwa kazi, gazeti nalisoma karibu kila siku, ila leo nina neno. Kila mkiandika habari ya halmashauri, iwe mradi umekwama au hela haijulikani ilipoenda, lazima pawe na sentensi moja inasema "kwa mujibu wa nyaraka tulizoziona". Haya, mmeziona, na sisi je? Ni karatasi gani, ya tarehe ngapi, ina namba gani, imetoka idara ipi? Hamsemi. Msomaji anafika mwisho wa habari ana hasira tu na hana pa kuanzia. Nimeshazunguka na hizi karatasi za serikali za mitaa miaka kadhaa, na tofauti ya kwenda dirishani ukiwa na jina la karatasi na kwenda ukiwa na hasira naijua vizuri, maana zote mbili nimezifanya.

Mara ya kwanza nilienda na hasira. Kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua mtaani kwetu, ukachimbwa mpaka nusu ya barabara, mafundi wakabeba sururu zao wakaondoka, mvua zikaja shimo likageuka bwawa. Nikaandika barua kurasa 3, nikauliza kwa nini mtaro umeachwa, hela imeliwa na nani na lini mtaacha kutudharau. Dada wa mapokezi akaipokea akaiweka juu ya rundo la barua zingine, nikarudi nyumbani najiona nimemaliza kazi. Miezi ikapita kimya. Nilivyoenda kuulizia nikaambiwa barua haionekani, una nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa? Sina. Basi hatujaipokea. Nikaondoka.

Kuna mzee mmoja alikuwa karani wa masjala kabla hajastaafu, nilivyomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia we mwanangu umeenda kuuliza maswali, na ofisi haina faili la majibu, ina faili la karatasi, we omba karatasi.

Na kweli ndo hivyo. Sheria nyingi za haki ya kupata taarifa zinakupa haki ya kuona rekodi ambayo ipo tayari, hazimlazimishi ofisa kukaa chini akutungie maelezo. Kwa hiyo ukiuliza "kwa nini mtaro umeachwa" umempa mtu nafasi ya kukujibu kwamba suala lako linafanyiwa kazi, ila ukiomba mkataba wa ule mtaro, mchanganuo wa kazi na gharama, hati zote za malipo aliyolipwa mkandarasi, ripoti za ukaguzi za mhandisi na muhtasari wa vikao vya kamati vilivyojadili ule mradi, hapo hana maneno ya kukupa, ana kitu cha kutoa au kukataa. Ile "kwa nini" utaipata mwenyewe ukizipanga mezani uzisome kwa pamoja.

Kinachosaidia sana ni kuijua safari ya hela, maana karatasi ya serikali haizaliwi peke yake. Mradi unaanza kwenye kitabu cha bajeti, unaenda kwenye tangazo la tenda, tathmini ya walioomba, mkataba, makabidhiano ya eneo la kazi, hati za malipo moja baada ya nyingine, cheti cha kukamilika, alafu mwisho anakuja mkaguzi wa hesabu na ripoti yake. Hizo haziko ofisi moja. Manunuzi wana zao, uhandisi wana zao, fedha wana zao, na mara nyingi karatasi ileile ina nakala sehemu mbili au tatu. Ndo maana uhandisi wakikwambia hatuna, usiende nyumbani, nenda fedha, maana hakuna mhasibu anayelipa bila kuweka kiambatisho kwenye faili lake.

Kabla ya kuandika barua yoyote tafuta kwanza kile kilichokwisha tolewa, utashangaa. Bajeti, ripoti za ukaguzi, matangazo ya tenda na ratiba za vikao mara nyingi zipo kwenye tovuti, ila zimefukiwa chini kabisa au zimepewa jina kama "dokumenti mpya 2 final" ambalo hata aliyeipandisha hawezi kuikumbuka. Kisanduku cha kutafutia cha tovuti zenyewe mara nyingi hakifai kitu. Mi huwa naenda Google naandika site: alafu anwani ya tovuti ya hiyo ofisi, nasogeza nafasi naandika filetype:pdf na maneno ninayotafuta, hapo inaleta mafaili ya PDF ya tovuti hiyo tu. Alafu kuna mtego mmoja umewapoteza wengi: karatasi ikiwa imeskaniwa kama picha, kompyuta haioni maneno ndani yake, kwa hiyo ukitafuta neno "mtaro" ikakwambia hakuna usiamini, fungua usome kwa macho au ipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi. Tahajia nazo ni vituko, mwaka wa fedha mmoja ameandika 2021/22 mwingine 2021/2022, kampuni moja imeandikwa majina matatu tofauti, kata imegawanywa lakini kwenye karatasi za zamani bado ina jina la zamani, jaribu zote. Ukipata namba ya mkataba au namba ya tenda ishike kama mboni ya jicho, maana jina la mradi linabadilika kila kikao lakini namba inabaki ileile.

Mihtasari ya vikao ina siri yake ndogo. Muhtasari wa kikao cha leo kwa kawaida unathibitishwa kikao kinachofuata, kwa hiyo ukiuomba wiki hiyohiyo utaambiwa haujawa tayari na hapo hawakudanganyi. Na mwenye haraka anasoma muhtasari tu anaacha viambatisho, wakati muhtasari wenyewe unasema "wajumbe walipokea taarifa ya mhandisi wakaipitisha" basi, mistari miwili, utamu wote uko kwenye taarifa iliyoambatishwa. Omba vyote kwa jina.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Taja karatasi moja moja, weka tarehe ya kuanzia na ya kuishia, sema unataka kuangalia tu au unataka nakala, na kama ni nakala iwe ya karatasi au ya kompyuta. Usiandike "nyaraka zote zinazohusu barabara", hiyo ni kujitafutia kukataliwa. Sababu ya kuomba usihangaike nayo, Kenya na India sheria zao hazidai uieleze. Alafu nenda na nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri na tarehe mbele yako urudi nayo. Ukituma kwa imeili omba wajibu kwamba wamepokea. Huo muhuri ndo unaanzisha saa, yaani muda ambao ofisi inatakiwa iwe imekujibu.

Saa yenyewe inategemea uko wapi. Kenya sheria yao ya 2016 inatoa siku 21, na kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48, tena inasema wazi maombi yanaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika ofisa anamsikiliza na kumwandikia. Uganda, sheria ya 2005, nao ni siku 21. Tanzania, sheria ya 2016, siku 30. India 30, Uingereza siku 20 za kazi. Halafu angalia usishike sheria isiyo yako: Marekani kuna ile sheria maarufu ya 1966 ya haki ya kupata taarifa (FOIA) ambayo kila mtu anaitaja, lakini ile ni ya ofisi za serikali ya shirikisho, ukitaka rekodi za jiji au kaunti lazima utumie sheria ya jimbo husika, na kila jimbo lina yake. Kuna watu wameandika barua nzuri kabisa zikarudi kwa sababu hiyo tu.

Kitu ambacho watu wanakisahau ni kwamba unaweza kuomba kuangalia bila kuchukua nakala. Mi napenda hii zaidi. Unapewa kiti, unaletewa faili, unasoma, na mara nyingi kwenye faili unaona karatasi ambayo hukujua kama ipo, kwa hiyo barua yako ya pili inakuwa kali kuliko ya kwanza. England wana utaratibu mzuri, kila mwaka kuna siku 30 za kazi ambazo wanaohusika wanaruhusiwa kukagua hesabu za halmashauri pamoja na vitabu, mikataba, ankara na risiti zake, na 2017 ikapita sheria ikawaongeza waandishi wa habari. Ndugu mhariri hapo nakukonyeza.

Kukataliwa kupo, na kwingine kuna haki kabisa. Taarifa za afya ya mtu, uchunguzi ambao haujaisha, siri za biashara, usalama, hivyo huwezi kupewa hivihivi, na hata mi sitaki jirani yangu asome faili langu la hospitali. Ila kama kwenye kurasa 40 siri iko kwenye mistari 5, sheria nyingi zinataka hiyo mistari 5 ifichwe upewe zilizobaki, kwa hiyo omba hivyo kwa maandishi. Na wakikwambia "haiwezekani" kwa mdomo, omba nayo kwa maandishi, ikitaja kifungu. Hapo wengine huwa wanakumbuka ghafla faili liko wapi. Jambo lingine, lazimisha tofauti kati ya "hatuna" na "hatutoi", maana "hatuna" maana yake nani anayo, na "hatutoi" maana yake kwa kifungu gani na nakata rufaa wapi. Siku zikipita kimya, Kenya ukimya wenyewe unahesabiwa umekataliwa, unapeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki ya Utawala. Sehemu nyingi kuna mlango kama huo kabla ya kufika mahakamani, jua wa kwenu ni upi kabla hujaanza.

Kama kuna anayeona haya ni mambo ya wasomi, aangalie Rajasthan kule India. Miaka ya 1990 wakulima na vibarua chini ya chama chao cha MKSS walidai nakala za daftari za vibarua na ankara za miradi ya vijijini, wakaanza 1994 kukusanya watu wazisome kwa sauti hadharani. Vibarua wakasikia majina ya marehemu yanasomwa kwamba walilipwa ujira, na majina yao wenyewe kwenye kazi ambazo hawakufanya. Wengi hawakujua kusoma, ila jina la marehemu likitajwa hata asiyejua kusoma anajua. Jimbo likapata sheria yake 2000, nchi nzima 2005, na sheria hiyo inamruhusu mwananchi hata kukagua kazi yenyewe na kuchukua sampuli ya vifaa vilivyotumika. Wenzetu wa Sweden hii haki wanayo tangu 1766, kwa hiyo sio jambo la jana.

Sasa turudi kwenye mtaro wangu. Barua ya pili niliandika kama mzee alivyonifundisha, karatasi 5, muhuri, tarehe. Nikapewa 4. Mkataba ukasema mita zilezile zilizochimbwa, yaani mtaro haukuachwa njiani, ulikuwa wa nusu toka mwanzo. Hati za malipo zikalingana na mchanganuo, hakuna mtu aliyekula kitu, na mi nilikuwa nimemtukana mkandarasi mtaa mzima. Nikabaki najiuliza nusu nyingine ilienda wapi, maana kitabu cha bajeti kilikuwa na mtaro mzima. Jibu lilikuwa kwenye muhtasari wa kikao cha marekebisho ya bajeti katikati ya mwaka, hela ilihamishwa kwa kura ya madiwani, na wa kwetu, ambaye kila mkutano alikuwa anapiga kelele kuhusu wakandarasi wezi, jina lake liko kwenye orodha ya waliohudhuria na kikao kilipitisha bila kupingwa. Ile karatasi ya 5, ripoti ya mhandisi, mpaka leo nazungushwa.

Na hiyo habari ya mtaro, mhariri, nanyi mliiandika. Mlisema kwa mujibu wa nyaraka mlizoziona mkandarasi ametelekeza kazi. Sikulaumu sana kwa sababu hata mi nilikuwa naamini hivyohivyo, ila mngeweka namba ya mkataba na tarehe ya hiyo karatasi chini ya habari, mstari mmoja tu, mtu mwingine angeenda kuiomba akawaambia mapema kwamba kuna karatasi nyingine hamjaiona. Gazeti la mtandaoni halina hata shida ya nafasi, pandisheni karatasi yenyewe mkiwa mmeficha majina ya watu binafsi. Naomba muanze na ile habari ya wiki iliyopita ya stendi. Ni nyaraka zipi?

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.