Risala ya Wahitimu wa Usonara kwa Mgeni Rasmi: Meza ya Kazi na Kompyuta Vikae Pamoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu na mafundi wetu,
Wazazi, walezi na waalikwa wote,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mahafali yetu. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Tumefahamishwa kuwa baada ya risala hii utakata utepe wa chumba kipya cha kompyuta na printa za pande tatu, na kwa hilo tumefurahi mno. Lakini sisi ndio tunaoondoka na wenzetu ndio wanaobaki, kwa hiyo tumeona risala yetu isiishie kwenye salamu. Tangu mashine zile zilipoletwa, karakana nzima inaulizana: sonara wa leo bado anahitaji kukaa na nyundo na tupa, au ubunifu wote uhamie kwenye skrini? Turuhusu tukueleze tunavyoliona jambo hili, kisha tutoe maombi yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika njia ya mkono mchoro hauishii kwenye karatasi. Sonara huanza na bamba au waya wa fedha au dhahabu, na umbo huendelea kubadilika kadiri anavyoligonga, kulikunja na kulikata. Madini yenyewe yana kauli katika kazi hiyo. Fedha ikigongwa sana huwa ngumu na kukataa kupinda, na ukiilazimisha hupasuka. Hapo huna budi kuipasha moto mpaka iwe na wekundu hafifu, uiache ipoe, ndipo ikubali tena. Kazi hii hufanywa mahali penye mwanga mdogo, kwa sababu kwenye mwanga mkali wekundu ule hauonekani. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi na dhahabu safi kwenye nyuzi 1064, na zikichanganywa na shaba huyeyuka mapema zaidi. Unapounga kipande chembamba kwa lehemu na boraksi, yaani unga unaosaidia lehemu itiririke, lehemu kuyeyuka na pete nzima kuporomoka hutenganishwa na muda mfupi sana. Linaloamua ni jicho, na jicho hilo halipatikani kwa kusoma.

Njia ya kompyuta ilitoka kwingine kabisa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha programu ya Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora juu yake kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye skrini. Mistari laini ya kujipinda tunayoivuta leo kwa kipanya ilikuzwa na wahandisi wa magari, akiwemo Pierre Bézier wa kampuni ya Renault. Mwaka 1984 Charles Hull aliomba hataza ya mashine inayojenga umbo tabaka juu ya tabaka kwa kugandisha resini, yaani plastiki ya majimaji, kwa mwanga, akaipata mwaka 1986. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akifikiria pete.

Usonara uliipokea mashine hiyo kwa urahisi kwa sababu ulikuwa umeshaiandalia mahali. Tangu miaka ipatayo 6000 iliyopita mafundi wamekuwa wakisubu kwa nta. Unachonga umbo kwa nta, unalizungushia udongo au plasta, unalichoma tanurini mpaka nta itoke, kisha unamimina madini kwenye uwazi uliobaki. Printa haikuifuta njia hii. Imechukua nafasi ya kisu cha kuchongea nta, basi. Yanayofuata yote, yaani plasta, tanuri, kumimina, kukata mikia ya kumiminia, kupiga tupa, kupachika vito na kung'arisha, yamebaki pale pale mikononi mwa watu. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi hudhani kwamba kompyuta hutoa pete iliyokamilika.

Tungekuwa wanafiki kama tusingekiri mema yake. Programu hupima ujazo wa umbo kabla gramu moja ya madini haijaguswa. Umbo la nusu sentimita ya ujazo likisubiwa kwa fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000, litakuwa na gramu kama 5.2, na kwa dhahabu ya manjano ya karati 18 litakuwa na gramu kati ya 7.5 na 8. Mteja hujua gharama yake mapema, naye fundi halazimiki kubahatisha. Jozi ya hereni hutoka sawasawa kushoto na kulia. Mteja akisema kidole kimenenepa, unabadilisha namba moja tu badala ya kuanza upya. Na pale vito vidogo vinapotandazwa kwa makumi juu ya uso uliojipinda, kila kimoja kikiwa karibu na mwenzake bila kugusana, kompyuta hupanga nafasi hizo kwa usawa ambao mkono unauhangaikia mchana kutwa. Kwa kazi ya aina hiyo hatuoni sababu ya kushindana nayo.

Hata hivyo, skrini ina udanganyifu wake, na tunaomba tuueleze kwa mfano mmoja.

Chukua kucha la pete, lile linaloinama juu ya kito na kukishika. Mbunifu akilichora kwenye kompyuta hulikuza mpaka lijaze skrini. Kucha la unene wa nusu milimita humwonekea kama nguzo ya nyumba, naye hulipunguza kidogo ili kito kionekane zaidi. Printa hulichapa kama lilivyo, na tanuri hulipokea. Likitoka kwenye plasta huwa na uso wenye chembechembe na vimistari vya tabaka, kwa hiyo hupitiwa na tupa, msasa na burashi ya kung'arishia, na kila kimoja hula sehemu yake. Halafu fundi wa kupachika hukata kwa ndani kijishimo cha kukalia ukingo wa kito, hapo kucha linazidi kupungua. Mwisho analisukuma liiname. Linakatika. Mchoro ulikuwa mzuri, mashine zote zilifanya kazi yake, na pete imeharibika. Mtu aliyewahi kulikunja kucha kwa mkono wake angeliona kosa hilo kwenye skrini kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa.

Na kucha si peke yake. Madini hunywea yanapoganda, kwa hiyo pete iliyochorwa kwa kipimo kamili hutoka ndogo. Kona kali za ndani na mahali panene palipopakana na pembamba huleta vitundu ndani ya madini, navyo hujitokeza wakati wa kung'arisha, kazi ikiwa imekaribia kwisha. Resini haiyeyuki na kutiririka kama nta. Huungua, na isipochomwa taratibu hupasua plasta au kuacha majivu yanayokwaruza uso wa pete. Vito navyo havifanani na vile vya kwenye programu. Almasi ya mviringo yenye uzito wa karati moja huchorwa kwa kipenyo cha milimita 6.5, lakini jiwe halisi huwa na ukingo wake, unene wake na kasoro zake. Zumaridi ndiyo inayotutia woga kuliko vito vyote, kwa kuwa mara nyingi ina nyufa ndani yake tangu ilipotoka ardhini. Anayeipachika husikiliza vidole vyake, na hujua wapi asikandamize.

Ipo pia kazi ambayo kwa maoni yetu kompyuta haijaiweza: kazi ya nyuzi. Nyuzi mbili nyembamba za fedha husokotwa, zikabanwa bapa, zikakunjwa kuwa majani na mawimbi, kisha zikaungwa kwa unga wa lehemu. Ukingo wa nyuzi zile hukatakata mwanga. Waweza kulichora umbo hilohilo kwenye kompyuta na kulisubu, lakini madini hayapendi kupita kwenye njia nyembamba kiasi hicho, kwa hiyo utalazimika kuzinenepesha nyuzi. Kinachotoka ni kizito na kimefifia. Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja juu ya kitambaa cheusi, hata mtoto ataonyesha ipi ni ipi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa hayo msimamo wetu ni huu: kompyuta ije, tena ije haraka, lakini anayechora kwa kompyuta awe kwanza amekaa kwenye meza ya kazi. Hatusemi hivi kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Tunasema kwa sababu ufundi ukishatoka mikononi mwa watu, kuurudisha ni kazi ya vizazi.

Historia ya usonara inao ushahidi. Waetruski wa Italia, yapata karne ya 7 kabla ya Kristo, walikuwa wakipamba dhahabu kwa punje ndogo mno, nyingine ndogo kuliko milimita moja, zikiwa zimeshikamana na bamba bila lehemu kuonekana. Ujuzi huo ulififia na kupotea Ulaya. Katika karne ya 19 Fortunato Pio Castellani na wanawe, masonara wa Roma, waliuhangaikia kwa miaka mingi. Vito walivyotengeneza vilisifika, lakini punje zile hawakuzifikia kikamilifu. Siri ilikuja kuelezwa vizuri katika miaka ya 1930, pale Mwingereza Littledale alipoipatia hataza njia ya kubandika punje kwa gundi iliyochanganywa na chumvi ya shaba. Moto huigeuza gundi kuwa kaboni, kaboni huiacha shaba ikiwa tupu, na shaba hiyo hushusha kiwango cha kuyeyuka pale tu punje inapogusa bamba. Ni jambo dogo. Fundi mmoja angeweza kumwonyesha mwanafunzi wake kwa asubuhi moja. Lakini mnyororo wa mikono ulikatika, na vito vyenyewe, vikiwa salama kabisa, havikuweza kueleza vilivyotengenezwa. Ndiyo maana tunaingiwa na hofu tunaposikia pendekezo la kupunguza vipindi vya karakana ili kupata nafasi ya vipindi vya kompyuta.

Liko jambo jingine, nalo ni uaminifu kwa mnunuzi. Kazi iliyochapwa na kusubiwa si aibu hata kidogo, ila isiuzwe kwa jina la kazi ya mkono. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu inaelekeza kwamba kito kiitwe cha mkono pale tu umbo lake lote, kuanzia bamba, waya au malighafi nyingine kama hizo, pamoja na umaliziaji wake, vimefanywa kwa nguvu za mikono na kwa vifaa vinavyoongozwa na mkono. Tungependa kila mhitimu wa chuo hiki aandike ukweli kwenye kadi ya kito chake: kimechorwa kwa kompyuta, kimesubiwa, vito vimepachikwa kwa mkono. Mnunuzi anayeelezwa hivyo hujua analipia nini, na fundi wa nyundo hanyang'anywi sifa yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufikie maombi yetu.

Tunaomba vipindi vya karakana visipunguzwe. Mwanafunzi asiruhusiwe kuingia chumba cha kompyuta mpaka awe ametengeneza pete kwa waya na kuiunga, amechonga nyingine kwa nta na kuisubu, na amepachika japo kito kimoja. Akishafika huko, kila anachokichora akisubu na kukimalizia mwenyewe, ili makosa ya skrini yamrudie mkononi. Tunaomba pia ukuta unaotenganisha chumba kipya na karakana utobolewe mlango. Kwa sasa anayetoka kompyutani kwenda kumuuliza fundi swali hulazimika kuzunguka jengo zima, na wengi wataona uvivu wakaacha kuuliza.

Kuhusu afya, resini ambayo haijaganda huwasha ngozi, na mvuke wake si wa kuvutwa. Tunaomba glavu na mashine za kuvuta hewa chafu kwa chumba kipya, na zisiishie huko, kwani moshi wa kulehemu nao tumeuvumilia vya kutosha. Hasa tunaomba lehemu yoyote ya zamani yenye madini ya kadmiamu iondolewe kabisa kabatini, kwa sababu mvuke wake ni sumu ya kuua.

Ombi la mwisho linahusu mafaili. Zamani aliyetaka kuiba ubunifu wako ilimbidi akae chini autengeneze upya. Leo faili moja likitumwa kwa simu, pete yako inachapwa na mtu usiyemjua. Tunaomba chuo kitutafutie mtaalamu wa sheria atufundishe kusajili michoro yetu na kuandika mikataba na wachapaji, na ofisi yako itushike mkono katika hilo.

Tunawashukuru mafundi wetu, hasa wale wazee wa meza ya kazi ambao walikubali, wakiwa na umri wao, kukaa nasi kujifunza kompyuta. Wao ndio waliotufanya tuamini kwamba jambo hili linawezekana. Tunawashukuru wazazi kwa ada, na kwa subira waliyokuwa nayo tuliporudi nyumbani na vidole vyeusi.

Kabla hujakata utepe, tunakuomba upitie karakana kwanza. Mezani utakuta pete iliyochorwa kwa kompyuta na kusubiwa na wahitimu hawa, ikisubiri kupachikwa zumaridi. Fundi ataipachika mbele yako. Tafadhali muulize maswali mengi kadiri upendavyo, ila umngoje kwanza amalize kukunja kucha la mwisho.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Usonara